Maswali na Majibu: Mwendo wa Kayaki za Pedali za Watu Wawili

SWALI: Mimi na mke wangu tunaishi St. Petersburg, Florida. Tuna kayaki ya pedali ya watu wawili, aina ya Hobie Oasis, ambayo tunashindana nayo na marafiki wenye vyombo kama hicho. Tukiongeza nguvu tunachoka upesi, lakini mwendo hauongezeki kwa kiasi cha kuridhisha, na wenzetu wanatupita. Je, tununue mapezi makubwa zaidi, yale yanayosukuma chombo chini ya maji?

JIBU: Kabla hamjatoa fedha, ni vyema kufahamu kinachowazuia. Kayaki yenu ina urefu wa takriban mita 4.4 na upana wa sentimita 84, yaani ni pana kuliko kayaki za mbio za kafi. Chombo cha namna hii hakipandi juu ya maji bali huyasukuma kando, na katika kuyasukuma hutengeneza wimbi omo, yaani mbele, na jingine tezi, yaani nyuma. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, hata likalingana na urefu wa chombo chenyewe. Hapo tezi huzama, omo huinuka, na nguvu zote mnazoongeza huishia katika kukuza wimbi. Kwa makadirio, kipeuo cha pili cha urefu wa chombo kwenye maji, kwa mita, kikizidishwa kwa 4.5 huonyesha mwendo wa ukomo huo kwa kilomita kwa saa. Kwa kayaki yenu ni zaidi kidogo ya kilomita 9 kwa saa.

Hata kabla ya kuufikia ukomo huo, hesabu haiwapendelei wenye misuli. Nguvu zinazohitajika hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo wanandoa wakiweza kutoa nguvu maradufu ya zile za jana, jambo ambalo ni gumu sana, mwendo wao utaongezeka kwa kiasi cha robo tu. Ndiyo maana hoja yangu ni kwamba mtafute kwanza vinavyowapunguzia mwendo, na suala la mapezi lije mwisho.

Anzeni na upande wa chini wa chombo. Mabaharia wa majahazi wa pwani yetu walikuwa wakikivuta chombo ufukweni, wakakikwangua na kukipaka shahamu, kwa sababu walijua kwamba mwani na ute huuvuta mwendo nyuma hata tanga likijaa upepo. Kayaki ya plastiki haihitaji shahamu, lakini yahitaji kuoshwa, na mikwaruzo mirefu inayoachwa na mchanga na chaza ilainishwe kwa msasa laini wa maji. Kagueni pia maji yaliyoingia ndani ya chombo. Lita 10 ni kilo 10 za mzigo usiokaa mahali pamoja, na ingawa kwenye maji tulivu kilo hizo haziwapunguzii mwendo kwa zaidi ya asilimia 1 hivi, maji yanapokimbilia tezi huharibu mizani yote.

Mizani ndiyo jambo ambalo wengi hulipuuza. Mmoja wenu akiwa mzito zaidi na akakaa nyuma, tezi huzama na maji hukorogeka nyuma yake badala ya kuachana na chombo taratibu. Mwombeni rafiki awapige picha kutoka ubavuni mkiwa katika mwendo wa mashindano, si mkiwa mmesimama, kisha mhamishe mizigo, maji ya kunywa na ikibidi viti vyenu, mpaka chombo kikae sawa.

Sasa tuje kwenye miguu. Katika mfumo wa pedali wa kayaki yenu, uitwao MirageDrive na uliotoka mwaka 1997, pedali hazizungushi kitu. Husukumwa mbele kwa zamu, na mapezi mawili hufagia kushoto na kulia chini ya chombo. Kila mapezi yanapofika mwisho na kugeuka, msukumo hupungua kwa nukta. Kwa kuwa kila mmoja wenu ana mashine yake, jaribuni kupishana, ili mapezi ya mmoja yawe katikati ya safari yake pale ya mwenzake yanapogeuka. Msukumo utakuwa wa mfululizo zaidi. Rekebisheni pedali ili goti likaribie kunyooka pasipo kujifunga, maana anayekanyaga akiwa amekunja magoti huchosha mapaja bure. Kazeni mapezi sawasawa pande zote mbili. Pezi lililolegea hujikunja mno na kumwaga maji. Mapezi marefu huwafaa wenye miguu yenye nguvu wanaopenda kukanyaga polepole, bali anayependa kukanyaga upesi atayaona mazito na atachoka kabla ya nusu ya njia. Azimeni kwanza, ndipo mnunue.

Kila badiliko lipimwe. Chagueni njia iliyonyooka, mwende na kurudi mkiwa na kifaa cha GPS, huku mapigo ya moyo yakiwa katika kiwango kilekile, kisha mtafute wastani wa mwendo wa pande zote mbili ili mkondo na upepo vijifute vyenyewe. Badilisheni jambo moja kwa mara moja. Asiyefanya hivyo huishia kuusifu upepo wa tezi akidhani ni mapezi mapya.

Mkiwa mashindanoni, epukeni maji mafupi. Penye kina cha mita 1, wimbi haliwezi kusafiri kwa zaidi ya kilomita 11 hivi kwa saa, na chombo kinachokaribia mwendo huo huhisi kama kimeshikwa. Penye kina cha sentimita 60 ukomo unashuka hadi chini ya kilomita 9. Upepo wa omo ukiwa mkali, inameni, kwa sababu vifua viwili vilivyonyooka ni tanga linalowarudisha nyuma. Kanuni zikiruhusu, fuateni wimbi la tezi la chombo kilicho mbele yenu.

Iwapo mnafikiria mashindano ya Everglades Challenge, yanayoanzia Fort De Soto karibu na kwenu na kuishia Key Largo, umbali wa kilomita 480 hivi, hilo ni shauri jingine kabisa. Tanga huruhusiwa huko, na vyombo kama Hobie Tandem Island, chenye tanga na mirengu miwili mfano wa ngalawa, huacha pedali zifanye kazi upepo unapolala. Huko ubingwa wa kulala kidogo na kusoma maji una thamani kuliko mapezi ya aina yoyote.

SWALI: Kati ya mapezi na rafadha inayozungushwa kwa pedali, ni kipi chenye kasi zaidi? Nauliza kwa ajili ya kayaki tutakayoitumia Mombasa.

JIBU: Kwenye kina cha kutosha, rafadha kubwa inayozunguka polepole hufanya kazi nzuri sana, na ina faida ya kurudi nyuma kwa kugeuza tu miguu. Lakini Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa takriban mita 3 na zaidi, hivyo mahali mlipopita asubuhi huweza kuwa mwamba mtupu mchana. Mapezi hulazwa chini ya tumbo la chombo, ilhali rafadha hunasa nyasi za bahari na kugonga mawe. Mimi ningechagua mapezi, nikatumia muda wangu kusoma jedwali la maji: katika mkono wa bahari wa Tudor, kupita katikati wakati mkondo unawasukuma na kubana kando unapowapinga kutawapa mwendo mwingi kuliko tofauti ya mashine hizo mbili.

SWALI: Ni kweli kwamba mtu aliwahi kukanyaga pedali majini kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa?

JIBU: Ni kweli. Tarehe 27 Oktoba 1991, kwenye Mto Charles mjini Boston, Mark Drela wa chuo cha MIT aliendesha chombo kiitwacho Decavitator kwa noti 18.5, sawa na kilomita 34 hivi kwa saa. Chombo hicho kilinyanyuliwa na mabawa yaliyo chini ya maji, na kilisukumwa na rafadha kubwa inayozunguka hewani. Alikuwa peke yake, na umbali uliopimwa ulikuwa mita 100, yaani sekunde 10 na ushei.