Nikimpikia paka nyama tupu, kuna tatizo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka watatu hapa Tanga, mama na watoto wake wawili wa miezi minne. Chakula cha dukani kimenishinda bei, kwa hiyo nawapikia mwenyewe. Nachemsha steki ya ng'ombe au kidari cha kuku, namwaga maji, nawakatia vipande. Siku nikipata samaki, nawapa mbichi. Jirani ananiambia niongeze maini kila siku ili wapate nguvu, na niwasagie maganda ya mayai. Je, chakula hiki kinatosha? Na hayo maganda ni kiasi gani?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na watoto, maana wao hawana muda wa kusubiri. Nyama tupu haiwatoshi.

Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, wakati paka anahitaji madini hayo mawili yakaribiane, kalsiamu izidi kidogo. Asipoipata kwenye chakula, mwili wake unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Niliwahi kuletewa paka wa miezi mitano, mnene, manyoya yanang'aa, aliyelishwa steki safi tangu alipoacha kunyonya. Aliruka kutoka kwenye kiti cha plastiki cha kawaida tu, mguu wa nyuma ukavunjika. Kwenye picha ya eksirei mfupa ulikuwa umefifia hadi unakaribia kufanana na nyama iliyouzunguka. Mwenye paka alilia, kwa sababu alikuwa akijinyima ili mnyama wake ale vizuri. Ndiyo maana nakuomba uanze kuwapa kalsiamu leo. Na kama mmoja wao anachechemea, hataki kuruka, au analia ukimgusa mgongo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kujaribu lolote nyumbani.

Kuhusu maganda, jirani yako yuko sahihi. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yakaushe kabisa, kisha yatwange na kuyasaga mpaka yawe unga laini kama wa ngano. Ukiushika kwa vidole usisikie chenga. Kilo moja ya nyama isiyo na mfupa inahitaji kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 5. Changanya nyama ikishaiva. Mifupa iliyopikwa usiwape, inapasuka na kuwa na ncha.

Mtazame paka anapokula panya. Hachagui steki. Anatafuna mifupa, moyo, ini na damu yake, na mwili wake umezoea kupata kila kitu humo. Sisi jikoni kazi yetu ni kumrudishia yule panya mzima.

Kwa maini, jirani amekosea kiasi. Paka hawezi kutengeneza vitamini A kutokana na karoti au mboga kama tunavyofanya sisi, kwa hiyo maini anayahitaji. Lakini ziada yake haitoki kwa mkojo, inalimbikizana. Paka anayekula maini kila siku kwa miezi mingi, mifupa ya shingo yake huota na kushikana, hata kujilamba mgongoni anashindwa. Gramu 50 ndani ya kilo ya chakula zinatosha.

Sasa yale maji unayomwaga. Ndani yake kuna taurini, kirutubisho ambacho mwili wa paka hautengenezi cha kutosha. Ikikosekana, macho yanapofuka na moyo unatanuka na kudhoofika. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba paka waliokuwa wakiugua moyo wa aina hiyo walipungukiwa na taurini, na baadhi yao walikuwa wakila chakula cha kiwandani. Hivyo pika kwa maji kidogo na umpe pamoja na mchuzi wake, bila chumvi, bila kitunguu maji wala saumu, kwani vitunguu huharibu damu ya paka. Badala ya kidari tumia mapaja, na usikose mioyo ya kuku.

Samaki mbichi acha. Wengi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyeikosa utamwona kichwa kimeinama kifuani, anayumba, mwisho anapata degedege. Ukimpika, kimeng'enya hicho kinakufa. Hata hivyo mara moja au mbili kwa wiki inatosha, hasa jodari na samaki wengine wenye mafuta mengi. Dagaa wa chumvi waloweke na umwage maji.

Kilo moja ya chakula ningeipanga hivi: gramu 800 za mapaja yaliyotolewa mifupa, na ngozi kiasi, gramu 150 za mioyo, gramu 50 za maini, kisha kile kijiko cha unga wa maganda na kiini cha yai. Paka mzima wa kilo nne atakula kama gramu 150 hadi 200 kwa siku. Watoto wape mara tatu au nne, washibe.

Nisikufiche, hata mchanganyiko huu bado unapungukiwa na vitamini E, B1 na madini joto, na kupika kunapunguza taurini. Mwombe daktari wa karibu nawe akutafutie unga wa virutubisho vya paka unaochanganywa kwenye chakula cha nyumbani, na ufuate kipimo chake. Kama unga huo una kalsiamu tayari, maganda uyaache. Usipoupata, nusu ya mlo wa watoto iwe chakula cha dukani cha paka wanaokua mpaka wafike mwaka. Cha mbwa hakifai.

Badilisha pole pole kwa wiki moja. Mama yao akigoma, usimshindishe njaa ili azoee. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta yanaweza kuvamia ini. Mrudishie alichozoea, uanze tena kwa kijiko kimoja kimoja.