Mleta uzi, mnyang'anye fundi mwiko kwanza

Simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne: mfereji wa bomba uchimbwe kina gani, utumie PPR (yale mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa moto) au chuma, bomba la moto na la baridi yaachane kiasi gani, na koki ya kufungia maji ya bafu ikae wapi. Mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho, ule ulioupitisha kama salamu: "fundi amefungulia maji jana, hakuna kinachovuja, kesho anapiga plasta." Kesho hapigi kitu. Mpigie simu sasa hivi, halafu urudi usome.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. "Bosi, maji nimefungulia, pakavu." Nikapapasa elbo (viungo vya kona) moja moja, pakavu kweli, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua anachotikisia kichwa. Wiki ile ile ukuta ukafungwa na vigae vikapanda mpaka dari.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba maji ya tenki hayapimi chochote. Kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya baa 1 hivi. (Baa hii si ya kunywea, ingawa kwangu iliishia kuwa baa kwa maana ile ya janga.) Tenki langu lilikuwa kama mita 5 juu ya shawa, kwa hiyo mabomba yangu "yalipimwa" kwa nusu baa. Nusu baa unaizuia kwa kidole. Kiungo kibovu kinaweza kuishi nayo miaka, kama mlinzi hodari wa geti ambalo halijawahi kujiwa na mwizi.

Miezi minane baadaye tukachoka kuoga kwa matone, nikafunga pampu ya kuongeza presha. Baa 3. Siku ya kwanza tulioga kama watoto waliokutana na mvua.

Bafuni hapakuvuja hata tone, na hapo ndipo ubaya ulipo. Maji yalitokea chumba cha pili, nyuma ya kabati la nguo. Rangi ikavimba, kisha ukafuata ule unga mweupe wa chumvi. Nikamwita fundi yule yule (ndiyo, yule yule, chekeni tu). Akaangalia, akasema ni unyevu wa msingi, unapanda kutoka chini. Doa lilikuwa usawa wa kifua changu na chini yake pakavu kabisa! Unyevu gani huo unaopanda kwa kuruka? Lakini alisema kwa sauti ya daktari, nami nikanunua rangi. Tukakwangua, tukapaka. Likarudi. Tukapaka dawa ya kuzuia unyevu. Likarudi na wenzake.

Pampu ndiyo iliyotoboa siri. Usiku wa manane, koki zote zimefungwa, inawaka yenyewe, inanguruma sekunde chache, inazima. Dakika 20, tena. Mke wangu akasema nyumba ina jini. Nikamuuliza ni jini gani anayeoga kila dakika 20. Pampu ya namna ile huwaka presha ikishuka; ikiwaka na hakuna aliyefungua koki, ujue maji yanatoka mahali.

Basi tukaanza kuvunja. Nikampigia fundi, "mabomba yanapita wapi?" Akajibu bila hata kufikiri kwamba yanashuka kutoka juu. Tukavunja vigae kutoka juu. Hakuna bomba. Yalikuwa yameingia kwa ubavuni, usawa wa goti, kisha yakapanda. Vigae 14 vilikufa bure kabla hatujafika penyewe.

Na penyewe palikuwa elbo moja ya kona, ile ya mwisho kabisa kuungwa. Nililivuta bomba kwa mkono, likachomoka kistaarabu kama kifuniko cha kalamu. Ndipo nikakumbuka. Siku ile waya wa mashine ya kuungia haukufika kwenye kona. PPR ya mm 20 hupata moto sekunde 5 kwenye mashine ya nyuzi 260, na ukiitoa una sekunde 4 tu za kuiingiza kwenye elbo. Fundi aliipashia moto mlangoni, akavuka ndoo mbili, akavuka mfuko wa saruji, akanipita mimi niliyesimama njiani, ndipo akaunga. Plastiki ilikuwa imeshapoa ngozi. Nilimwona kwa macho yangu, na nikamsifia wepesi wa miguu.

Simlaumu peke yake. Nawalaumu na hawa wa video za dakika tatu: ukuta unachimbwa, muziki, bomba linawekwa, muziki, vigae vinameremeta. Geji, ile saa ya kusomea presha, huioni popote. Nilizitazama kumi na zaidi nikajiona mhandisi.

Sasa fanya hivi. Tafuta pampu ya mkono ya kupimia presha, ile yenye kisanduku cha maji na geji. Mafundi wengi wanayo au wanajua pa kuiazima. Fundi akikuambia haihitajiki, hapo umeshajua unaongea na nani. Hita, mipira ya sinki na ya choo visiwe vimeunganishwa. Ziba ncha zote kwa vizibo vya kukaza, na pale kwenye shawa unganisha la moto na la baridi kwa mpira mmoja ili uyapime yote kwa pamoja. Jaza maji taratibu mpaka hewa yote itoke, maana hewa inabonyea na geji itakudanganya. Piga pampu mpaka baa 10. Mshale utashuka kidogo mwanzoni kwa sababu PPR inatanuka. Usipige yowe, ongeza, subiri, ongeza tena. Ukishatulia, funga, piga picha ya geji, nenda kalale. Asubuhi ukiukuta umeshuka, pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo. Karatasi huona jasho ambalo kidole hakilioni.

Na usiku huo huo, kabla plasta haijakaribia, piga picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia imenyooshwa kutoka sakafuni na kutoka kona. Kisha wakati wa plasta na vigae acha baa 3 ndani ya mabomba. Mtu akitoboa bomba kwa tindo utaambiwa na maji siku hiyo hiyo.

Kina: mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa mm 150 ni mm 50 na mm 25. Kwa hiyo bomba lishuke wima, usilitembeze ukuta mzima kwa kulala. Kama tofali zako zina matundu, hesabu hiyo isahau, uliza kwanza anayejua kuta.

PPR au chuma? Chochote, ukishapima. Umbali wa la moto na la baridi, na koki ya bafu, tutaongea geji ikishatulia.

Vigae vile havikupatikana tena, vilishaacha kutengenezwa. Ukuta wangu sasa una kiraka cha rangi nyingine upana wa mlango. Wageni wakiuliza nawaambia ni ubunifu.

Fundi ameshapokea simu? Weka picha mbili za geji humu kwenye uzi, ya usiku na ya asubuhi. Za vigae usihangaike kunionyesha.