Maana ya herufi kwenye vichwa vya treni vya TAZARA

Ndugu, umeuliza vichwa vya treni vya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, unavyoviona stesheni ya Mbeya vinagawanywaje, na kwa nini hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye Reli ya Kati.

Vyote hutumia dizeli, lakini tofauti kubwa iko katika namna nguvu inavyofika kwenye magurudumu. Vile vya kwanza, vilivyotoka China miaka ya 1970 vikiwa na herufi DFH (kifupi cha jina la Kichina Dongfanghong), hupitisha nguvu kwa mafuta ya mtambo, si dizeli yenyewe, yanayosukumwa kwa kasi ndani ya mtambo maalumu. Mlima wa kutoka Mlimba hadi Makambako, wenye mahandaki na madaraja mengi, ulivitesa sana, nami naamini hapo ndipo udhaifu wa mfumo huo ulipodhihirika. Baadaye ikaja U30C, ambayo injini yake huzungusha jenereta, na umeme unaopatikana ukaendesha mota zilizoko kwenye ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili. Jina lake linasomeka kwa urahisi: U ni ya matumizi yote, 30 ni nguvu za farasi 3,000, na C ni ekseli tatu zinazoendeshwa katika kila bogi (fremu ya magurudumu chini ya kichwa; ziko mbili), yaani sita kwa jumla.

Kuhusu swali lako la pili, TAZARA ina upana wa milimita 1,067 kati ya reli zake mbili na Reli ya Kati ya zamani 1,000, kwa hiyo magurudumu hayaingiliani. SGR, reli mpya ya kisasa, ni 1,435.