Piki si sufuria: kabla hujamlipa fundi afungue injini ya skuta yako

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Bukavu aliniandikia saa nne usiku: "Mama, injini ya skuta yangu inazunguka tu, haishiki moto. Fundi anasema pistoni imekufa, anataka dola 120. Nimpe?" Nilikuwa naosha vyombo. Nikafuta mikono, nikamjibu neno moja: USIMPE. Halafu nikakaa pale mezani, nikaona hasira yangu ya mwaka 2025 bado ipo palepale, haijapungua hata kijiko.

Kwa wasionijua, mimi nauza vikwembe, yaani vitenge, hapa Goma. Natembeza mzigo Himbi, Katindo, mpaka Kyeshero. Nilichagua skuta kwa sababu haina gia za kukanyaga wala klachi ya mkono, mtu anapanda akiwa amejifunga kikwembe chake, na furushi linakaa mbele ya miguu. Wamotari, bodaboda wetu, wananiita mama chukudu. Sikasiriki. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imebeba viazi, makaa na mbao za mji huu miaka na miaka, mpaka ikasimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu. Na chukudu ina bahati moja: haina injini ya kumpandisha mtu presha.

Mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia mjini, niliisukuma skuta chumbani, nikaifunika shuka, mimi na watoto tukalala sakafuni. Baadaye benki zikafungwa, wateja wakawa hawana pesa ya chakula, sembuse ya kikwembe. Skuta ikakaa mpaka Mei na esansi, yaani petroli, ileile ndani ya kabureta. Nani angekumbuka kuimwaga?

Mei nikabonyeza demareri, kile kitufe cha kuwashia. Inazunguka, haishiki. Nikaisukuma hadi kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Akamimina esansi kidogo kwenye mdomo wa kabureta. Injini ikawaka, ikanguruma sekunde chache, ikazima. Akarudia mara tatu, mara zote ikawaka na kuzima. Kisha akatangaza mbele ya vijana kama sita: "Pistoni na segmenti, ringi zake, zimeisha. Dola 85."

Nikauliza: kama pistoni imeisha, mbona imewaka mara tatu? Akacheka. "Mama, piki si sufuria." Vijana nao wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashika tumbo, na mpaka leo nikimpita barabarani nageuza uso.

Nililipa dola 40 za kwanza. Ndiyo, nililipa, msinisute. Siku nne baadaye pistoni mpya iko ndani, skuta inazunguka, haishiki. Sasa akasema ni kabureta, tununue nyingine. Sikujibu. Niliisukuma mpaka nyumbani jua la saa saba, juu ya mawe ya volkano, na machozi yalinitoka. Sisemi uongo.

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori. Alizoea kutuambia kwamba injini ni kama mtu: inataka hewa, chakula, na moto, na kifua cha kukandamiza. Usiku ule nikalala na maneno yake. Asubuhi nikajiambia: injini iliyowaka kwa esansi ya kumiminiwa, moto inao, hewa inayo, kifua inacho. Imebaki njaa. Fundi alikuwa ameniletea majibu yote mwenyewe, akashindwa kuyasoma.

Nikanunua sindano ya mililita 10 duka la dawa. Nikachomoa mpira mnene unaopeleka esansi kwenye kabureta, nikaingiza sindano tatu kwa njia hiyo. Nikabonyeza. Ikawaka, ikakaa karibu dakika nzima, ikazima. Watoto walipiga makofi, mimi nikapiga kelele. Kisha nikauweka ule mpira mnene wa kutoka kwenye tangi ndani ya glasi, nikabonyeza demareri tena. Glasi ikabaki kavu.

Hapa ndipo penye siri, naomba usome polepole. Skuta nyingi za injini ya aina ya GY6, ile iliyotokana na muundo wa Honda na inayotengenezwa sana China, hazina robine, yaani koki ya esansi, ya kufungua kwa mkono. Robine inajifungua kwa mvuto. Kuna mpira wa pili, mwembamba, unaotoka kwenye shingo inayounganisha kabureta na injini. Injini ikizunguka inavuta hewa kupitia mpira huo, utando ulio ndani ya robine unanyanyuka, esansi inashuka. Mpira ule ukipasuka, mvuto unaishia njiani. Tangi linaweza kujaa mpaka mdomoni na injini ikafa njaa.

Nikachomoa mpira mwembamba kwenye robine, nikabandika sindano kwenye kile kichuchu chake, nikavuta. Esansi ikashuka glasini, chururu. Robine nzima. Nikaukunja mpira kwa vidole, na karibu na kibanio chake ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki. Mpira mpya ulinigharimu franka 2,000. Dola 40 na aibu mbele ya vijana sita, kwa mpira wa franka 2,000!

Haikuishia hapo, maana iliwaka lakini nikiachia mkono inazima. Hiyo ilikuwa kazi ya esansi iliyolala miezi minne: inaganda, inaacha gundi kwenye kile kitundu kidogo cha shaba kinacholisha injini ikiwa imepumzika. Nilifungua kabureta, nikaosha vipande kwa esansi ndani ya sufuria kuukuu (ndiyo, sufuria!), nikazibua kitundu kwa uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma. Shaba ni laini, kitundu kikipanuka umeharibu kipimo chake, na skuta itakunywa esansi kama ngamia.

Na hapa nitubu. Siku ile ya kabureta nilifanyia kazi nyuma ya nyumba, maharage yakiwa juu ya mbabula, jiko la makaa, hatua tano hivi kutoka kwangu. Mvuke wa esansi hauonekani, unatambaa chini. Moto ulirukia ile sufuria ya esansi kwa pigo moja. Nilipoteza nyusi zote mbili, na mwanangu wa mwisho alikuwa amesimama mlangoni. Tuliumwagia mchanga. Tangu siku hiyo, nikishika esansi mbabula inazimwa, wale njaa wakitaka. Hata ukipima buji, ile plagi ya cheche, kwa kuiegesha kwenye chuma cha injini uone kama inatoa cheche, iweke mbali na tundu ulikoichomoa, maana tundu lile linatema mvuke.

Nimetaja buji. Ichomoe injini ikiwa imepoa, uisome. Ikiwa na rangi ya kahawia, mambo ni sawa. Nyeusi yenye masizi, injini inakula esansi nyingi kuliko hewa. Hapa kwetu tuko kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi, kwa hiyo weusi kidogo usikutishe, lakini osha filta ya hewa kwanza, vumbi letu jeusi linaiziba haraka. Ikilowa esansi, inapokea chakula ila haipati moto. Ikiwa kavu kabisa baada ya kubonyeza muda mrefu, basi ni njaa, rudi kwenye mipira. Ukiirudisha, ianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo ushike kle, yaani spana. Kichwa cha injini ni alumini, kinakatika meno upesi.

Esansi ya kadhafi, yule mchuuzi wa esansi wa barabarani, sote tunanunua, tusijidanganye. Ila mwombe aimimine kwanza kwenye chupa inayoonyesha ndani, uache itulie. Maji yanakaa chini, utayaona. Akikataa, nenda kwa mwingine. Na ukikuta esansi ndani ya ule mpira mwembamba, usiwashe kabisa: utando wa robine umetoboka, esansi inateremka ndani ya injini, inalainisha oili. Nusa kijiti cha oili utajua.

Wanawake wenzangu, na ninyi wanaume mnaoona haya kuuliza: fundi anayejua kazi hachukii swali. Ninaye mmoja sasa, kijana mpole, nikimuuliza ananisogezea taa nione mwenyewe. Anayekucheka anaficha kitu. Mwambie akuonyeshe kipande kibovu, akuwekee mkononi, kabla hujatoa hata franka moja. Mimi sikuonyeshwa pistoni yangu ya zamani. Nilipoifuata nikaambiwa imeshatupwa. Haya mambo ya kutoa pesa ili tusionekane wajinga ndiyo yanayotumaliza, na simwambii mtu mwingine, najiambia mimi.

Ndugu wa Bukavu, usiku ule hukuniambia kitu kimoja: fundi wako akimimina esansi kwenye kabureta, inawaka hata kidogo au haiwaki kabisa? Jaribu kesho. Nitumie na picha ya buji, lakini uipige mchana. Ile uliyonitumia na taa ya simu, kila kitu ni cheusi, hata vidole vyako.