Modemu imeshika ila haifungui kitu: anza na namba, jina baadaye

Nyumbani kwetu Morogoro, kabla ya faiba kufika mtaani, nyumba nzima ilitegemea modemu moja ya USB. Ilikaa kwenye kompyuta ya mezani yenye Linux. Kompyuta inapiga *99# kwa wvdial, programu ya kupigia modemu, ikishaunganishwa inawagawia wengine intaneti kwa waya. Miezi ilipita bila shida. Siku niliyoleta ruta ndogo ya mtumba ili na simu zipate Wi-Fi, kila kitu kikagoma.

Mdogo wangu alikuwa amebakiza siku mbili kutuma maombi ya chuo. Akaniita: "Kaka, modemu imeshika, taa imetulia kabisa, ila haifungui kitu." Nikafanya wanachofanya wengi. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha, mwisho nikanunua bando jingine. Lile bando linaniuma mpaka leo, maana hela ilikwenda na tatizo halikuwa huko kabisa. Ndiyo maana namsihi kila anayenipigia simu kuhusu mtandao wa nyumbani: usiguse kitu wala usinunue kitu kabla hujajua kilichoharibika ni njia au ni jina.

Ukiandika jina la tovuti, kompyuta inaiuliza kwanza seva ya DNS: huyu namba yake ngapi? Ikishapata namba ndipo inatafuta njia ya kupeleka mzigo. Hizo ni kazi mbili, na yoyote ikifa wewe unaona kitu kilekile, ukurasa mweupe. Kuzitenganisha kunahitaji amri mbili tu za ping, yaani kuuliza kompyuta ya mbali kama inajibu:

ping 8.8.8.8
ping google.com

Ya kwanza haihitaji jina, maana 8.8.8.8 ni namba ya seva ya Google. Ikijibu na ya pili ikakataa, njia ni nzima, tatizo liko kwenye majina. Zikikataa zote mbili, achana na DNS kwanza. Kwa kuwa mitandao mingine huzuia ping, jaribu pia namba nyingine, 1.1.1.1, kabla ya kukata shauri.

Kwangu zilikataa zote. Nikaandika ip route, amri inayoonyesha njia za kompyuta, na mistari miwili ikanieleza kila kitu:

default via 192.168.1.1 dev eth0
10.64.64.64 dev ppp0

Mstari wa default ndio mlango wa kutokea nje. Kila mzigo usio wa humu ndani unapitia hapo. Mlango wangu ulikuwa unapitia eth0, yaani kadi ya waya, kuelekea kwenye ile ruta mpya, ambayo nyuma yake hakuna intaneti yoyote. Modemu, yaani ppp0, ilikuwa imeshika kweli, lakini hakuna aliyetumwa kupita huko. Na kosa lilikuwa langu: wakati wa kuweka ruta nilijaza 192.168.1.1 kwenye nafasi ya gateway, yaani mlango, ya kadi hiyo. Kwa kawaida pppd, programu inayoendesha muunganisho wa modemu, ikikuta mlango umeshawekwa haiuondoi. Inaandika tu kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu, kwamba imeuacha wa zamani, na logi nilikuwa sijaifungua. (Hiyo 10.64.64.64 isikutishe. Ni namba ambayo pppd hujiwekea yenyewe pale upande wa pili usipotaja anwani yake.)

Dawa ya papo hapo ni hii:

sudo ip route replace default dev ppp0

Dawa ya kudumu ni kufuta gateway kwenye mipangilio ya eth0. Kadi inayohudumia watu wa ndani inatosheka na anwani na maski.

Sasa 8.8.8.8 ikajibu. Mdogo wangu akashangilia mapema, kwa sababu majina bado yalikataa. Nikafungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva za DNS, nikakuta seva mbili: 10.11.12.13 na 10.11.12.14. Ukiziona namba hizi, jua umeipata kasoro yenyewe. Si seva za kampuni yako ya simu, ni namba za uongo zinazojitokeza wakati wa kupiga kwa PPP, njia inayotumiwa na pppd, kwenye modemu za simu. Zilisumbua watu wengi hadi NetworkManager, programu nyingine ya Linux ya kusimamia mtandao, ikawekewa kinga maalumu ya kuzikataa. Mimi nilitumia wvdial, kwa hiyo kinga hiyo sikuwa nayo. Mara nyingine kukata na kupiga upya kulileta seva za kweli. Siku ile sikutaka kubahatisha, nikaandika nameserver 8.8.8.8 kwa mkono, na ukurasa wa maombi ukafunguka saa nne usiku.

Simu zilibaki nyuma kidogo, kwa sababu ruta ilikuwa inazigawia anwani na kujitaja yenyewe kama mlango na kama DNS. Nikazima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, nikahamisha waya kutoka tundu la WAN (la nje) kwenda la LAN (la ndani), kazi hiyo nikaiachia kompyuta.

Modemu za kupiga zimepungua, lakini ugonjwa huu naukuta kila mwezi. Laptopu ina waya wa ruta ya ofisini isiyo na intaneti, huku mwenyewe amewasha hotspoti ya simu. Kwenye Windows andika route print uangalie mistari inayoanza na 0.0.0.0. Ikiwa miwili, wenye Metric ndogo ndio unaoshinda, hata kama unaelekea ukutani. Chomoa waya uone.

Na kwenye Android, toleo la 9 kwenda mbele, kuna mpangilio wa DNS ya faragha. Mtu akishajaza hapo jina la seva, halafu seva hiyo isifikike, simu itaonyesha Wi-Fi imejaa na hakuna tovuti itakayofunguka. Irudishe kwenye kiotomatiki, ujaribu tena hapo hapo, kabla hujaizima ruta ya watu.