Msiwaahidi Simba: Kwa Mnaoanza Kupeleka Watoto Tsavo

Likizo ya Agosti imefika, na mabasi ya shule yameanza tena kujipanga geti la Sala, la kuingilia mbuga ya Tsavo Mashariki, saa nne asubuhi. Jua limeshawaka, watoto wamevalishwa sweta za buluu, na mwalimu kijana kasimama katikati ya viti: "Leo twaenda kumuona nani?" "Simbaaa!" Basi hapo siku imeshaharibika, na hata hawajaingia.

Walimu na waongozaji wapya wa Malindi, bidii yenu twaiona. Lakini makosa ni yale yale.

1. Saa. Geti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka mjini hadi Sala ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo basi la watoto liondoke saa tisa na nusu usiku. Mkifika saa nne, wanyama washajitia vivulini nanyi mtashinda mkitazama vichaka. Lipeni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, siku iliyotangulia, maana getini hawapokei taslimu. Na kila mtoto aende msalani kabla hamjaingia, hata yule anayeapa hana haja.

2. Sweta. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaeni khaki.

3. Simba. Hili tumewarithisha sisi wakongwe, na aibu yake ni yetu, kwa hiyo tulieleze lote. Mwalimu huahidi simba. Njiani dereva hupigiwa simu: simba wako bwawa la Aruba. Nyinyi mmeingilia Sala, Aruba iko upande wa Voi, na Tsavo Mashariki ina kilomita za mraba 13,747. Dereva husahau kwamba mwisho ni kilomita 40 kwa saa. Basi hupita choroa, hupita swala twiga aliyesimama kwa miguu miwili ya nyuma akichuma majani ya juu, na mtoto wa kiti cha nyuma huuliza, "Mwalimu, yule ni nani?" Hujibiwa: "Tulia, twamuwahi simba." Mtoto akijibiwa hivyo mara tatu, haulizi tena. Kutapika kwa mbio hizo kwatibika, ila mtoto aliyeacha kuuliza hamrudishi siku hiyo.

Mkifika, magari yamemzunguka simba aliyelala chini ya kichaka. Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo mlichokimbilia ni mkia. Watoto wa kulia hurukia kushoto, anayekaa dirishani hukanyagwa, kelele juu, simba ageuka upande wa pili akalala. Kisha lazima mkimbie tena kurudi, kwa kuwa saa kumi na mbili jioni muwe nje. Jioni ndiyo saa ya ndovu kuteremka mtoni, na basi zima limelala fofofo. Shule ikifunguliwa, insha ni mistari mitatu: tulikwenda, tuliona simba, tulirudi.

Dawa yake ni kuahidi kidogo. Ahidi digidigi. Ana uzito wa kilo tano hivi, na hukaa wawili wawili, kwa hiyo ukimuona mmoja zima injini na uwaambie watoto wamtafute mwenzake. Hapo basi litanyamaza bila kufokewa. Chini ya jicho lake kuna tundu jeusi linalotoa utomvu, naye huupaka kwenye vijiti kuweka mpaka wake. Na mavi yake huyarundika pahali pamoja kila siku. Watoto wa darasa la tatu hawatosheki na habari za mavi. Zitumieni. Simba akitokea, karibu, ni ziada.

4. Ndovu. Semeni ndovu, jamani, si tembo. Huku kwetu tembo ni pombe ya mnazi: mtoto ukimwambia tembo wanywa sana maji, atafikiria mzee wake na mnazi.

Somo la ndovu wa Tsavo lianzie Malindi. Siku moja kabla, mtu mzima ateke maji ya mto Sabaki kutoka darajani kwa ndoo na kamba (chini kuna mamba na viboko), ajaze chupa, iachwe usiku kucha. Asubuhi watoto wataona tope limekaa chini. Mto huo juu huitwa Athi, ukikutana na mto Tsavo huwa Galana, ndio mtakaoufuata mbugani, na kwetu ndio Sabaki unaoipaka bahari rangi ya chai wakati wa mvua. Ila msiwadanganye kwamba tope lote ni la Tsavo. Jingi latoka mashambani huko juu. Mkikuta ndovu mwekundu, uliza kwanza: ni aina nyingine? Watasema ndiyo. Subirini ajimwagie vumbi jekundu, wataona wenyewe. Vumbi hilo humkinga jua na wadudu. Akitandaza masikio, kichwa juu, amewatazama nyinyi, ondokeni polepole bila honi.

5. Yaliyobaki. Darubini moja kwa watoto watatu, na wafundishwe kuirekebisha shuleni. Maji lita moja na nusu kwa kila mtoto: watoto 30 ni madumu matatu ya lita 20, yabaki kidogo. Msibebe chupa za plastiki za kutupa, zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Mahamri sawa, mbaazi za nazi hapana, adhuhuri zishachacha. Wa kutapika wapeni mifuko ya karatasi. Chakula kisitoke mkobani nyani wakiwa karibu, na dirisha la upande wao lifungwe kwanza.

Kwenye maporomoko ya Lugard, mto Galana, mwaruhusiwa kushuka garini. Mawe yale yamelainishwa na maji na huteleza hata yakiwa makavu, na mamba wako upande wa chini. Shusheni watoto kumi kumi, mtu mzima mmoja kwa watano, na wengine wangoje ndani mlango umefungwa.