Wanangu Mnaoanza Uhamasishaji Lamu, Nisikizeni Kabla Hamjabisha Hodi

Juzi nilikaa nyuma kwenye kikao cha uhamasishaji huku Langoni, nikamsikiliza kijana mgeni wa kazi hii akianza na njia tatu za maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Akina mama walimmalizia sentensi kabla hajafika nusu. Damu, tendo la ndoa, mama kwa mtoto: wanazijua tangu enzi za mabango ya mafuvu. Kijana akafurahi kwamba somo limeeleweka. Chai ilipokwisha, vikombe vyote vikarudi kwenye sinia isipokuwa kimoja, cha mama anayenong'onwa mtaani, kilichosukumwa pembeni kwa ncha ya kidole. Hakukiona. Na kikao kizima kilikuwa kwa ajili ya kikombe hicho.

1. Fundisheni virusi visikopita. Kikombe, sinia ya wali, choo, mbu, kupeana mkono, kulala kitanda kimoja: vitajeni kimoja kimoja, kisha ulizeni, "Wifi yako akiwa navyo, mtakula sinia moja?" Nyamazeni hapo. Watacheka, watatazamana, halafu hofu ya kweli itatoka, na hiyo ndiyo ya kujibiwa.

2. Habari ya dawa isemeni kwa sauti. Wengi wetu hulitaja hili kwa woga kana kwamba tunatoa ruhusa. Anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, kila siku mpaka vipimo visione virusi kwenye damu, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Utafiti wa PARTNER uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wenzi barani Ulaya, mmoja anavyo na mwingine hana. Walikutana mara 58,000 hivi bila kondomu, na hakuna aliyeambukizwa na mwenziwe. Mama mjamzito naye, bila huduma yoyote hatari ya kumwambukiza mtoto ni asilimia 15 hadi 45, ila kwa dawa na ufuatiliaji hushuka chini ya asilimia 5. Bibi mmoja wa Matondoni aliposikia hayo aliuliza, "Basi huyu mkwe wangu nimemkimbiza kwa nini?" Alikuwa na akili zake timamu siku zote. Hakuna aliyewahi kumweleza.

3. Siri. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Kulikuwa na mwenzetu, mchapakazi, mwenye huruma, aliyeletwa kituo kimoja kutoka bara. Mteja wake mmoja aliruka miadi. Siku ya pili wakakutana gatini, watu wanashuka botini, na yeye kwa mapenzi kabisa akaita: "Dada, mbona jana hukuja? Dawa zisikuishie!" Basi. Amu, mji wetu huu wa Lamu, ni kichochoro, punda akipita watu hujibana ukutani. Nani asiyejua Alhamisi pale ni siku ya kliniki gani?

Dada yule alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi. Wiki ile sufuria ilirudi nyumbani na mbaazi zake. Mwenzetu aliposikia aliumia sana, na hapo akaharibu zaidi: alikwenda kuomba radhi mchana kweupe, amevaa jaketi lenye nembo, na begi la kazi mgongoni. Aliyekuwa akishuku akapata uhakika. Tukamweleza dada kwamba ipo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006, inayokataza kutoa siri ya mtu bila idhini yake, na lipo jopo maalum la kusikiliza malalamiko hayo. Akatutazama. "Nikashtaki, ili waliokuwa hawajasikia wasikie?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alikuwa na haki ya kutukasirikia wote.

Aliyemrudishia wateja si sisi. Ni wifi yake, aliyekuja kila alfajiri, akaketi penye sufuria, akala hamri, akanywa chai katika kikombe cha mwenye biashara, watu wakipita. Hakuhutubia. Alikuwa amehudhuria kikao chetu kimoja, akaelewa kwamba hakuna cha kuogopa. Kwa hiyo kwenye vikao watafuteni mawifi, mama wakwe na dada, maana wao ndio wenye kumwokoa mtu au kummaliza.

Na nyinyi, mkimkuta mteja njiani, salamu zenu ziwe za kumfuata: akikuamkia muitikie, akikupita mpite.

4. Acheni maneno ya "wengine wameyapata bila kosa". Nawasikia sana, hasa mkizungumza mbele ya wazee: watoto waliozaliwa nayo, wake walioletewa na waume. Mnadhani mnatetea. Ukishasema huyu hana kosa, umemwachia msikilizaji ahesabu wenye makosa, na atawahesabu. Ugonjwa una dawa, kituo kipo, basi. Mambo ya dhambi tuwaachie masheikh, na kwa masheikh wenyewe tuende mapema, kwa adabu, tukawape maarifa ya dawa ili wakiulizwa msikitini wajibu sawa.

5. Chupa ya dawa hulia. Anayesafiri kwa boti na jamaa zake huijaza pamba isisikike, au huhamishia vidonge kwenye karatasi. Mwambieni vidonge vibaki chupani mwake visiharibiwe na unyevu.

6. Ajali ya damu au kubakwa: kituoni upesi kwa dawa za kuzuia maambukizi, kabla ya saa 72 kupita, wala msingoje asubuhi.

7. Wanaume hatujawafikia. Vikao vyetu ni vya mchana, na mchana wao wako baharini au kazini. Safari ijayo ya Faza tutakwenda baada ya isha, barazani, penye kahawa, na nataka vijana wawili wa kiume wanaoweza kuketi, kusikiliza na kuulizwa maswali magumu bila kuona haya. Anayejiona anaweza, aje anione kabla ya Jumapili.